Deni la Jembe

Je, mtu anaweza kumkosea kiumbe ambaye hawezi kuumia?

Swali hili nimelisikia likiulizwa chuoni, na mifano iliyotolewa ilikuwa ya kuvutia: mti mkongwe msituni, mto, mlima. Mimi nataka kuliuliza kwenye tuta la viazi mviringo, na kiumbe ninayemfikiria ni bakteria. Nina sababu mbili. Kwanza, sijui kiumbe tunayemjali kidogo kuliko huyu. Jina lake tunalisikia kwenye matangazo ya sabuni tu, na hapo anatajwa kwa kuwa ameuawa. Pili, viazi ndivyo vilivyonilipia ada, na viazi vya kwetu havipatikani bila jembe kuwapitia viumbe hao mara tatu au nne kila msimu.

Kwetu ni Makete, huku nyanda za juu kusini mwa Tanzania, ambako asubuhi za Juni na Julai umande huganda kwenye majani. Huko viazi ni pesa. Pareto ilikuwa pesa zamani, na mbao ni pesa kwa mwenye subira na ardhi ya kutosha. Lakini mwenye eka moja na nusu hutegemea viazi. Hupanda lori kwenda Mbeya na Dar es Salaam, kisha hurudi vikiwa bati, sare za shule na nauli ya kwenda hospitali. Wewe unayekula chipsi mayai saa nne usiku pale Kariakoo, huenda unakula jasho la watu wa kwetu. Ninachotaka kusema ni kwamba unakula na kitu kingine pia.

Kilimo cha viazi kwa jembe la mkono kina hatua zake. Unafyeka nyasi. Unalima na kuinua matuta. Viazi vikishaota unapalilia na kupandishia udongo kwenye mashina, ili viazi vilivyo juu visipigwe na jua vikageuka kijani. Mwisho unavuna, na kuvuna nako ni kulima. Hapo ndipo kiazi kinapoachana na mahindi. Mahindi unaweza kuyapanda kwa kutoboa kishimo kidogo, na siku ya mavuno ukachuma kilicho juu huku ardhi imetulia. Kiazi kinakulia ndani ya nyumba ya watu wengine. Huwezi kukitoa bila kuibomoa.

Nasema nyumba kwa sababu udongo wenye afya si unga. Uchukue mkononi, uukamue taratibu, utaona unaachana kwa vibonge vidogo vidogo, vingine kama punje ya ulezi, vingine kama punje ya mahindi. Vibonge hivyo vimeshikana kwa gundi inayotolewa na bakteria, na kwa nyuzi nyembamba za kuvu zinazovifunga kama kamba inavyofunga mzigo. Ndani yake mna vyumba vya hewa, vijimfereji vya maji, na akiba ya mabaki ya mimea. Kijiko kimoja cha chai cha udongo mzuri kinaweza kuwa na bakteria kati ya milioni 100 na bilioni 1. Ukichota debe moja, umeshika wakazi wengi kuliko binadamu wote walio hai leo.

Jembe likishuka, vibonge vinapasuka na hewa inaingia kwa wingi. Akiba iliyokuwa imefichwa ndani sasa iko wazi. Bakteria wanaopenda hewa wanaishambulia, wanakula, wanaongezeka, wanapumua kabonidayoksaidi. Katika kula kwao, naitrojeni iliyokuwa imefungwa ndani ya mabaki hayo inageuzwa kuwa chumvi ambayo mzizi unaweza kuinywa. Ndiyo maana shamba lililofunguliwa upya hutoa viazi vya kujivunia. Tunasema ardhi ile ina rutuba, na ni kweli. Ila tumeonjeshwa rutuba hiyo kwa sababu tumevunja mlango wa ghala na kuwaita walaji wote kwa pamoja.

Jambo linalofanana na hilo lilichunguzwa hapahapa Afrika Mashariki. Mtafiti H. F. Birch, aliyekuwa akifanya kazi Muguga karibu na Nairobi, alichapisha mwaka 1958 matokeo kuhusu udongo unaokauka kisha ukalowana. Alionyesha kwamba maji yanapourudia udongo mkavu, mboji huozeshwa kwa kasi kubwa kwa muda mfupi, na naitrojeni hutoka kwa wingi. Wanasayansi wa udongo duniani hulitaja jambo hilo kwa jina lake mpaka leo. Wazee wetu walilijua kwa jina jingine: kuwahi mvua za kwanza.

Karamu hiyo ina mwisho. Akiba imepungua, nyuzi za kuvu zimekatika, na gundi ya vibonge inaliwa haraka kuliko inavyotengenezwa. Mvua kubwa inapopiga, vibonge vilivyobaki vinalainika, vinaziba vitundu vya juu, na maji yanateremka na udongo. Ukilima tena mwakani utaamsha karamu nyingine, ndogo zaidi. Kwa hiyo nimeacha kuliita jembe zana ya uzalishaji peke yake. Jembe ni chombo cha kukopea. Kila tuta ni mkopo, na mkopeshaji ni viumbe wasiojua kwamba wamekopesha.

Kukopa si dhambi. Dhambi, kama ipo, iko kwenye kutolipa. Kwa hiyo swali langu la mwanzo likalazimika kupisha swali jingine: je, waliotutangulia walikuwa wakilipa?

Bibi yangu, mama mzaa baba, alilima viazi maisha yake yote. Nyasi alizofyeka hakuzichoma. Alizilaza chini kwa mistari iliyokatisha mteremko, kisha akazifunika kwa udongo uliopinduliwa kutoka pande zote mbili, zikawa ndio moyo wa tuta. Halafu alisubiri. Sisi watoto tulitaka kupanda siku hiyohiyo ili kazi iishe, naye alitukatalia. “Nyasi bado zinachemka,” alisema. “Mkipanda sasa, zitakula mbegu.”

Miaka mingi baadaye, chuoni, nilifundishwa kitu kilekile kwa maneno marefu. Nyasi kavu zina kaboni nyingi na naitrojeni kidogo. Bakteria wanaozishughulikia wanahitaji naitrojeni ya kujengea miili yao, na wasipoipata ndani ya nyasi wanaichukua kwenye udongo ulio jirani. Mmea uliopandwa wakati huo unashindana nao na kushindwa, unadumaa na kupauka. Baada ya majuma kadhaa nyasi zinapungua, bakteria wengi wanakufa au wanaliwa na wengine, na naitrojeni inarudi udongoni. Nyasi zilikuwa zinachemka kweli. Zilikuwa zinataka kula mbegu kweli.

Baada ya viazi, Bibi aliweka mahindi au ngano. Baadaye shamba liliachwa. Kwetu husemwa shamba limelala, na mtu hakulipitishia jembe shamba lililolala, kama ambavyo humkanyagi mtu aliyelala njiani ukapita zako. Nyasi zilirudi, mizizi yake ikashuka, kuvu wakafuma tena nyuzi zao, bakteria wakatoa tena gundi. Miaka ya kulala ndiyo iliyokuwa malipo.

Hekima ya namna hii haikuwa yetu peke yetu. Wamatengo wa Mbinga, mkoani Ruvuma, wanalima milima mikali kwa ngoro. Nyasi zilizofyekwa hupangwa kwenye mteremko kwa mistari inayokatizana ikatengeneza miraba. Udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kufunikwa juu ya nyasi. Kinachobaki ni shimo linaloshika maji katikati, na kingo zenye nyasi zinazooza ndani, ambako hupandwa maharage na mahindi. Hapo jembe linavunja nyumba na kuijenga kwa tendo moja.

Hata kwao kiazi chenyewe, milima ya Andes, karibu na Ziwa Titicaca, mambo yalikuwa hivyo. Wakulima wa huko walilima kwa jembe la kukanyaga kwa mguu liitwalo chakitaklla. Na walikuwa na utaratibu uitwao laymi. Ardhi ya kijiji iligawanywa katika maeneo, kila eneo likapata zamu ya viazi, kisha mazao mengine, kisha likapumzishwa kwa miaka. Mapumziko yalipunguza minyoo midogo inayoshambulia mizizi ya viazi na kuupa udongo muda wa kujirudisha. Na zamu hiyo iliamuliwa na jumuiya nzima. Mtu mmoja hakuweza kusema mwaka huu nina shida, ngoja nilime lile lililolala.

Kiazi kilipovushwa bahari kwenda Ulaya katika karne ya 16, na baadaye kikaletwa huku enzi za ukoloni, laymi haikupanda meli. Tuna methali ya mgeni kukaa siku mbili na siku ya tatu kupewa jembe. Kiazi tulikipa jembe siku ya kwanza, na hatukumuuliza mgeni huyo kwao alikuwa akilala lini. Zana husafiri kwa urahisi, na miiko hubaki nyumbani. Kwa muda desturi zetu wenyewe za kuacha mashamba zililiziba pengo hilo. Halafu nazo zikaondoka.

* * *

Ziliondoka kwa hesabu ya kawaida kabisa. Ardhi ya babu iligawiwa wanawe, na wanawe wana watoto. Baba mdogo, ambaye ndiye anayelima sehemu yetu, ana eka moja na nusu. Shamba la ukubwa huo likilala, na nyumba inalala njaa. Kwa hiyo viazi vinafuata viazi, na mahali pa mapumziko pamechukuliwa na mfuko wa mbolea ya dukani. Mbolea inalisha mmea vizuri. Haiwezi kufuma nyuzi za kuvu wala kugundisha vibonge. Ukimtazama Baba mdogo analima, utasema anaendeleza kilimo cha jadi: jembe ni lilelile, matuta ni yaleyale, mwendo wa mikono ni wa Bibi mtupu. Kumbe tumerithi nusu. Tumerithi kukopa, na kulipa kumebaki makaburini.

Kisha ukaja mnyauko.

Mmea unanyauka mchana kama wenye kiu, ilhali udongo una unyevu na majani bado ni ya kijani. Usiku unajitahidi kuinuka. Baada ya siku chache hauinuki. Ukikata shina na kulitumbukiza kwenye glasi ya maji safi, utaona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka polepole kutoka kwenye mkato. Hao ni bakteria, Ralstonia solanacearum, walioelezwa kisayansi na Mmarekani Erwin Smith mwaka 1896. Hakuna dawa ya kupuliza inayowaponya mimea. Bakteria hao wanakaa udongoni, kwenye viazi vilivyosahaulika wakati wa kuvuna, kwenye nyanya na jamaa zake. Wanasafiri kwa mbegu, kwa maji, kwa udongo ulioshika viatu, na kwa jembe. Mzizi uliokatwa na jembe wakati wa palizi ni mlango uliowafungukia.

Hapa wapenzi wa jadi, na mimi ni mmoja wao, tunapaswa kunyamaza kidogo. Mila haikuwa kinga ya kila kitu. Desturi ya kuchagua viazi vidogo vya mwaka huu viwe mbegu ya mwaka kesho, na kumgawia jirani aliyepungukiwa, ni desturi ya ukarimu. Nayo ndiyo iliyoubeba mnyauko kutoka nyumba hadi nyumba, kwa kuwa kiazi chaweza kuwa na bakteria ndani na kikaonekana kizima machoni. Jembe la kuazimana nalo lilifanya kazi hiyohiyo. Bakteria hajui kama amepakiwa kwa wema.

Na hapa pia swali langu linakuwa gumu. Nilianza kama mtetezi wa bakteria wa udongo, sasa mmoja wao amesimama mbele yangu na mikono ina damu. Nimtetee na yeye?

Wengine watasema jibu ni rahisi: tuwatenge wema na wabaya. Lakini udongo hautengeki hivyo. Chukua jamii ya bakteria iitwayo Streptomyces. Ile harufu tamu ya ardhi mvua inapoanza kunyesha kwa sehemu kubwa inatoka kwao. Ndugu mmoja katika ukoo huo huvipa viazi ukoko wenye magamba, vikashuka bei sokoni. Ndugu mwingine ndiye aliyetupa streptomaisini, iliyogunduliwa mwaka 1943 na Albert Schatz katika maabara ya Selman Waksman, Chuo Kikuu cha Rutgers nchini Marekani, na ikawa dawa ya kwanza ya antibayotiki iliyofaulu kupambana na kifua kikuu. Ukoo mmoja una anayetuharibia kiazi na aliyetuokoa mapafu. Ukiingia udongoni na orodha ya marafiki na maadui, utarudi na orodha iliyofutikafutika.

Mwanafalsafa Peter Singer, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu wanyama, aliweka mpaka kwenye uwezo wa kuumia: asiyeweza kuumia hana maslahi ya kuvunjwa. Kwa kipimo hicho bakteria hayumo, na nadhani Singer yuko sahihi kuhusu bakteria mmoja mmoja. Sioni sababu ya kumwombolezea hata mmoja kati ya mabilioni wanaokufa ninapoinua tuta. Kabla yake, katika kitabu kilichotoka mwaka 1949, Aldo Leopold alitaka tuipanue jumuiya ya maadili ili iingize udongo, maji, mimea na wanyama, na mwanadamu awe mwanajumuiya wa kawaida humo badala ya kuwa bwana. Maneno ya Leopold yananivutia, lakini Baba mdogo angeniuliza swali moja tu: katika jumuiya hiyo, michango inakusanywa na nani?

Nadhani jibu letu liko karibu zaidi, kwenye jambo tunalolifanya bila kuhitaji mwanafalsafa. Tunaheshimu wasia. Marehemu haumii. Ukiuza kwa siri shamba aliloagiza liwe la wajukuu, hatalia, hatakonda, hatajua. Hata hivyo hakuna kijiji ninachokijua ambako tendo hilo linaitwa halali eti kwa sababu mwenye wasia amekwisha kufa. Tunasema amedhulumiwa. Tunasema amana imeliwa. Maana yake ni kwamba tayari tunaamini mtu anaweza kukosa haki bila mtu yeyote kusikia maumivu. Kosa linakaa kwenye uhusiano uliovunjwa, kwenye kitu ulichokabidhiwa ukakitumia kana kwamba ni chako peke yako.

Udongo ni amana ya namna hiyo. Walioishi ndani yake kabla yangu waliujenga kwa muda mrefu kuliko umri wa ukoo wangu, na watakaoula baada yangu bado hawajazaliwa. Mimi nimo katikati na jembe mkononi. Simdai Baba mdogo amhurumie bakteria. Ninachoamini ni kwamba kuna kitu anachopaswa kukipokeza, na kitu hicho kinashikiliwa na bakteria. Hata yule wa mnyauko anaingia katika hesabu hii bila kutetewa. Namzuia kwa kila njia niwezayo, na najua pia kwamba namkuza ninapolima viazi juu ya viazi bila kumnyima chakula hata msimu mmoja. Hatukumuumba, ila ratiba ya jembe letu imemnenepesha.

* * *

Bwana shamba alikuja, akatazama, akasema yanayojulikana. Sehemu ya chini iliyoathirika iache viazi na nyanya kwa misimu kadhaa. Iwekwe mahindi au ngano. Viazi vinavyojiotea ving'olewe. Mbegu itafutwe iliyo safi. Majembe na viatu vioshwe kabla ya kupanda sehemu ya juu. Palizi ifanywe mapema na kwa uangalifu, mizizi isijeruhiwe.

Jioni hiyo tulikaa jikoni, moto katikati. Nilikuwa nimemaliza kumweleza Baba mdogo habari za vibonge na gundi, na alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatisha, kama anavyosikiliza mahubiri.

“Mwanangu,” akasema, “kwamba ardhi imechoka naiona, usinifundishe. Lakini ada haichoki. Hiyo misimu mitatu ya kulala, nani atanilipia?”

Nimesoma hoja nyingi kuhusu mazingira, na hakuna iliyonisimamisha kama hiyo. Kwa sababu mara nyingi tunaposema ardhi ipumzishwe, huwa tumekwisha kuamua, bila kusema, kwamba bei ya mapumziko italipwa na yule mwenye ardhi ndogo kuliko wote.

Historia yetu ina somo juu ya hili. Milima ya Uluguru, Morogoro, serikali ya kikoloni ililazimisha wakulima wachimbe ngazi kwenye miteremko kuzuia mmomonyoko. Nia ya kuzuia mmomonyoko haikuwa ya kijinga. Lakini kazi ilikuwa nzito, ya amri, na wakulima hawakuona faida yake kwenye chakula chao. Mwaka 1955 ghasia zikazuka na mpango ukaachwa. Watu wale hawakuwa wanauchukia udongo wao. Walikataa uhifadhi uliokuja kama kodi nyingine.

Sasa tazama mnyororo wa kiazi kutoka mwisho wake. Mlaji mjini anataka chipsi za bei ileile ya mwaka jana. Mwenye banda la chipsi anambana mfanyabiashara. Mfanyabiashara anakuja shambani na kudai lumbesa, lile gunia lililoshonewa kilemba mpaka linashindwa kusimama, analilipia kama gunia moja. Mkulima aliyepunjwa kilemba hana wa kumpunja isipokuwa ardhi. Anaifanyia ardhi lumbesa: msimu wa ziada juu ya msimu, zao juu ya zao lilelile. Kila mmoja anambana aliye chini yake, na wa chini kabisa ni wale ambao hawaandamani, hawanyauki kwa hasira, hawana hata jina la mtaani. Wanapungua tu.

Nikiutazama mnyororo huo, siwezi kulitundika kosa kwenye mpini wa jembe. Mkopo ulichukuliwa kwa mkono wa Baba mdogo, lakini uliliwa na wengi. Niliula mimi, nikiwa bweni, kwa ada iliyotoka kwenye viazi vilivyofuata viazi. Uliliwa Kariakoo. Wakopaji ni wengi, na kwa haki ya kawaida walipaji nao wawe wengi.

Wakati wa Bibi hilo lilifanyika bila kuitwa jina. Ardhi ya ukoo ilikuwa pana, na shamba la mmoja likilala alilima kwingine. Ukoo wote ulibeba gharama ya usingizi. Kule Andes kijiji kizima kiliibeba. Mapumziko hayajawahi kuwa ya bure mahali popote. Kilichobadilika ni kwamba ardhi imegawanyika na gharama ikabaki nzima, kwenye bega la mtu mmoja mwenye eka moja na nusu.

Tulichokubaliana katika familia ni kidogo, na nakitaja kwa sababu ndicho ninachokijua. Sehemu ya chini imeacha viazi kwa misimu mitatu. Tulikadiria pamoja, Baba mdogo akitutajia takwimu zake, ile sehemu ingeleta kiasi gani baada ya kutoa mbegu, mbolea na vibarua. Sisi tuliosomeshwa na shamba hilo, wanne, tunachangia pengo kati ya viazi na ngano. Mwanzoni Baba mdogo aliiita misaada, akawa anashukuru kila pesa ikiingia kwenye simu. Dada yangu mkubwa akamwambia, “Baba mdogo, usitushukuru. Hii ni karo ya shamba.” Tangu hapo ndivyo inavyoitwa.

Rafiki yangu mmoja ameniambia kwamba hii si falsafa, ni bahati ya kuwa na ndugu wenye mishahara. Ana hoja. Nyumba ya jirani haina mtu mjini, na udongo wake unatoka kwenye mlima uleule. Ndiyo maana karo ya ukoo haitoshi. Gunia lenye uzito wa haki ni sehemu ya malipo hayo, na mbegu safi inayofika kijijini kwa bei ya mkulima mdogo pia. Bei inayomwezesha mtu kuliacha shamba lilale bila kumnyima mtoto daftari ni sehemu ya malipo hayo vilevile. Mambo haya kwa kawaida tunayaita uchumi. Mimi nayahesabu kuwa maadili ya udongo, kwa kuwa yasipokuwepo, kila tunachosema kuhusu kuutunza tunamtwisha mtu ambaye mzigo wake umekwisha kuvuka kilemba.

Wiki iliyopita nilizungumza na Baba mdogo kwa simu. Nilimwamkia, tukaulizana habari za nyumbani, za mvua, za mgongo wake. Ngano ya sehemu ya chini imetoa masuke. Ameng'oa viazi vilivyojiotea katikati yake mara mbili, akavitoa shambani kwenye gunia. Mabua atayalaza kwenye mistari baada ya kuvuna, hatayachoma. Sehemu ya juu ameipanda mbegu mpya, na mashina matatu yamenyauka. Hajui kama ni kiu au ni ule ugonjwa, ila kesho atapima kwa glasi ya maji. Kisha akaniuliza kama karo ya mwezi huu itachelewa. Nikamwambia haitachelewa.